Saa ya Nani? Uhakiki wa Wimbo "Rock Around the Clock"

Uhakiki wa nyimbo zinazopendwa na vijana umekuwa mara nyingi ukifanywa kwa njia mbili za mkato. Njia ya kwanza ni kuusikiliza wimbo kwa dakika moja, kuona kwamba una kelele na kwamba vijana wanaucheza kwa kurusha miguu, na papo hapo kuuita uhuni. Njia ya pili ni kusema kwamba wimbo ni burudani tu, na kwamba anayeutafutia siasa anajisumbua bure. Njia hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zina kasoro moja. Hazimlazimishi mhakiki kufanya kazi. Wa kwanza amekwisha hukumu kabla ya kusikiliza. Wa pili anakataa kuhukumu hata baada ya kusikiliza.

Katika makala haya tunakusudia kuuchambua wimbo mmoja, "Rock Around the Clock", ulioimbwa na Mmarekani Bill Haley pamoja na kundi lake la Comets. Tumeuchagua kwa sababu historia yake inampa mwanafunzi wa itikadi mfano ambao ni nadra kuupata. Santuri hii ilitolewa mwaka 1954, ikauzika kwa kiasi tu na kuelekea kusahauliwa. Mwaka 1955 sauti ile ile, bila kubadilishwa hata pigo moja, iliwekwa mwanzoni mwa filamu. Mwezi Julai mwaka huo ilishika nafasi ya kwanza Marekani, ikakaa hapo kwa wiki nane. Wimbo haukubadilika. Ni kitu gani basi kilichobadilika? Tukilijibu swali hilo kwa makini, tutakuwa tumepata chombo cha kuzichambulia nyimbo nyingi nyingine.

I. Wimbo ulivyotengenezwa

Wimbo huu umeandikishwa kwa majina ya watunzi wawili, Max C. Freedman na James E. Myers, huyu wa pili akitumia jina la Jimmy De Knight. Waliotangulia kuurekodi, mapema mwaka 1954, walikuwa kundi la Sonny Dae, na santuri yao haikufika mbali. Tarehe 12 Aprili 1954 Haley na wenzake waliingia katika studio ya kampuni ya Decca, iliyokuwa ndani ya jengo la Pythian Temple mjini New York. Kazi kubwa ya siku ile ilikuwa wimbo mwingine, "Thirteen Women", unaosimulia ndoto ya mwanamume mmoja aliyesalia na wanawake kumi na watatu baada ya bomu la haidrojeni kulipuka. Wimbo huo ndio uliokula sehemu kubwa ya muda. "Rock Around the Clock" ulipigwa mwishoni, mara mbili tu, kwa haraka. Santuri ilipotoka mwezi Mei, wimbo wa bomu ulipewa upande wa kwanza, na huu tunaouchambua ukawekwa upande wa pili.

Jambo hilo linastahili kuzingatiwa. Tumezoea kuambiwa kwamba mwenye mtaji ndiye ajuaye soko linataka nini, na kwamba ujuzi huo ndio unaohalalisha faida yake. Hapa mwenye mtaji alishika mkononi moja ya santuri zilizouzwa sana katika karne ya ishirini, akaiweka kisogoni mwa mzaha juu ya bomu.

Sasa tuuangalie muziki wenyewe. Wimbo unadumu dakika mbili na sekunde chache. Unaanza kwa hesabu: mwimbaji anataja namba za saa, na ngoma inaitikia kwa pigo kavu la ukingoni. Umbo lake ni lile la bluzi ya vipimo kumi na viwili, umbo lililojengwa na watu weusi wa Marekani. Mpigaji wa besi anachapa nyuzi mpaka zinagonga ubao, ili besi ifanye kazi ya besi na ya ngoma kwa pamoja. Katikati gitaa la Danny Cedrone linaingia kwa kasi, linazunguka, kisha linateremka mbio kama mtu anayeshuka ngazi bila kushika ukuta. Baadaye saksafoni na gitaa vinapiga pamoja kifungu kifupi kinachorudiwa-rudiwa. Kila mpigaji anajua anapoingia na anapotoka. Anayeuita muziki huu kelele hajawahi kujaribu kuupiga.

Ujuzi huo una asili. Haley alizaliwa mwaka 1925 huko Michigan, akakulia Pennsylvania, na alianza kama mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe. Kundi lake liliitwa Saddlemen hadi mwaka 1952. Mwaka 1951 alirekodi "Rocket 88", wimbo uliokuwa umekwisha vuma mwaka ule ule kwa sauti ya Jackie Brenston, mwanamuziki mweusi. Mwaka 1952 akarekodi "Rock the Joint", uliotangulia kurekodiwa na mweusi mwingine, Jimmy Preston, mwaka 1949. Naye Milt Gabler, aliyesimamia kurekodi kule Decca, alikuwa kwa miaka mingi amesimamia santuri za Louis Jordan, bingwa mweusi wa bluzi ya kasi, na mapigo ya namna ile ndiyo aliyowafundisha Comets. Gabler huyo huyo, mwaka 1939, alitoa kwa kampuni yake ndogo ya Commodore wimbo wa Billie Holiday "Strange Fruit", unaohusu watu weusi walionyongwa mitini, baada ya kampuni kubwa iliyokuwa na mkataba na mwimbaji huyo kukataa kuurekodi.

Je, tuseme Haley aliiba? Jibu la haraka ni ndiyo, lakini halitoshi. Haley aliupenda muziki huo na aliujua. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko tabia ya mtu mmoja. Soko la santuri la Marekani lilikuwa limegawanywa kwa rangi. Mpaka mwaka 1949 jarida la Billboard lilikuwa na orodha ya mauzo iliyotaja rangi ya watu weusi waziwazi, na jina lilipobadilishwa mgawanyo wenyewe ulibaki. Katika soko kama hilo pigo moja lina bei mbili: bei ndogo likitoka upande huu wa ukuta, bei kubwa likitoka upande ule. Si lazima mtu awe mwizi ili afaidike na ukuta asioujenga. Inatosha apitishwe mlangoni huku wenzake wakizuiwa.

II. Filamu iliyoupa wimbo maana

Filamu tunayoizungumzia ni "Blackboard Jungle", iliyotolewa na kampuni ya MGM mwezi Machi 1955 chini ya mwongozaji Richard Brooks, kutokana na riwaya ya Evan Hunter ya mwaka 1954. Inasimulia habari za mwalimu Richard Dadier, aliyeigizwa na Glenn Ford, anayepata kazi katika shule ya ufundi ya wavulana mjini New York. Wanafunzi wake ni watoto wa maskini wa rangi mbalimbali. Wawili wanatangulia mbele ya wengine: Artie West, mzungu mkorofi aliyeigizwa na Vic Morrow, na Gregory Miller, kijana mweusi mwenye akili na kipaji cha muziki, aliyeigizwa na Sidney Poitier.

Wimbo uliingia filamuni kwa bahati. Mwana wa Glenn Ford, aitwaye Peter, alikuwa na santuri ile nyumbani, na kutoka kwenye mkusanyiko wake ndipo watengenezaji wa filamu walipoisikia. Kama ndivyo, basi aliyevumbua thamani ya wimbo huu alikuwa mtoto aliyeununua na kuupiga kwa sababu aliupenda.

Filamu inaanza kwa maandishi yanayotangaza wasiwasi juu ya uhalifu wa vijana, yakisindikizwa na ngoma. Kisha wimbo unalipuka, na mwalimu anafika shuleni huku wavulana wakicheza uani. Hapo ndipo maana mpya ilipozaliwa. Maneno ya wimbo hayana hata neno moja juu ya shule, mwalimu, kisu, au uasi wa aina yoyote. Yanazungumzia kuvaa nguo za kutokea na kucheza dansi usiku kucha. Lakini mtazamaji amekwisha ambiwa na maandishi yale kwamba hatari inakuja, na sauti ya kwanza anayoisikia baada ya onyo ni sauti ya Haley. Kuanzia dakika ile dansi imekuwa tishio. Kijana aliyeketi ukumbini naye akausikia vivyo hivyo, isipokuwa yeye hakuogopa. Alisikia, kwa nguvu ya vipaza sauti vya ukumbi wa sinema, kwamba muziki wake umetambuliwa kuwa jambo zito.

Basi tunaweza kutoa jibu la kwanza la swali letu. Maana ya wimbo haimo ndani ya wimbo peke yake kama kokwa ndani ya tunda. Inazaliwa katika matumizi: nani anaupiga, mahali gani, baada ya maneno yapi, mbele ya watu wa aina gani.

Filamu yenyewe ina ukweli na ina woga. Inaonyesha madarasa yaliyojaa, walimu waliokata tamaa, na ujira wao mdogo. Lakini inapofika mahali pa kuuliza kwa nini watoto wa mtaa ule wamekuwa vile, inageuka na kutafuta mbaya mmoja. Mwishoni West anatoa kisu, darasa linasaidia kumnyang'anya, na Miller na mwalimu wanaahidiana kutokuiacha shule. Mtaa unabaki kama ulivyokuwa. Ugonjwa wa jamii umepewa jina la mtu, mtu ameondolewa, na watazamaji wanarudi nyumbani wakidhani ugonjwa umepona.

Kuna tukio moja ambalo kila mhakiki wa filamu hii hana budi kulitazama. Mwalimu mwingine, Edwards, analeta darasani mkusanyiko wake wa santuri za jazi, alioukusanya kwa upendo wa miaka mingi. Wanafunzi wanazirusha na kuzivunja moja baada ya nyingine. Filamu inataka tuone washenzi wakiharibu utamaduni. Sisi tunaona jambo la ziada. Jazi, muziki uliotokana na watu weusi na uliowahi kuitwa uchafu na watu wa heshima, sasa imewekwa mahali pa heshima ili ivunjwe. Na muziki mpya uliotoka katika shina lile lile ndio umewekwa mahali pa uchafu. Mama mmoja, watoto wawili, na filamu inawagombanisha.

III. Mfinyanzi hulia gaeni

Tumeona jinsi wimbo ulivyopata maana. Sasa tuulize nani alipata mali.

Danny Cedrone, mpigaji wa lile gitaa linaloteremka mbio, hakuwa mwanachama wa Comets. Aliitwa kwa kazi ya siku. Kifungu alichopiga kilikaribia kufanana kabisa na kile alichokuwa amekipiga katika "Rock the Joint" mwaka 1952, maana muda wa kutunga kipya haukuwepo. Malipo yake kwa kipindi kile cha kurekodi yanatajwa kuwa dola 21. Tarehe 17 Juni 1954, wiki chache tu baada ya santuri kutoka, alianguka kwenye ngazi akafa. Hakuiona filamu, wala hakusikia jina lake likitajwa na wapiga gitaa wa nchi nyingine ambao baadaye walijifunza kifungu kile kwa kukirudia usiku na mchana. Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Cedrone hata gae hakulipata.

Tuwaangalie pia waliobaki hai. Watu husema "Bill Haley na Comets" kana kwamba ni kitu kimoja. Ndani ya kundi mlikuwa na matabaka mawili. Haley, Johnny Grande wa piano na Billy Williamson wa gitaa la chuma walikuwa wabia katika biashara ya kundi. Wengine walikuwa waajiriwa wa mshahara. Mwezi Septemba 1955, wimbo ukiwa umetoka tu kushuka kutoka nafasi ya kwanza, waajiriwa watatu, yaani Marshall Lytle wa besi, Joey D'Ambrosio wa saksafoni na Dick Richards wa ngoma, walidai nyongeza ya malipo. Walikataliwa. Waliacha kazi, wakaunda kundi lao la Jodimars, ambalo halikufikia hata robo ya umaarufu ule.

Hapa pana somo ambalo halihitaji maneno makubwa. Besi ile inayochapwa mpaka inagonga ubao, ambayo ndiyo inayoinua miguu ya mchezaji, ilichapwa na Lytle. Aliyefanya dunia nzima icheze hakuweza kupata nyongeza ya mshahara.

Na Haley mwenyewe? Watu wengi wanadhani alikufa tajiri. Mambo yake ya fedha yaliharibika, madeni ya kodi yakamwandama, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alihamia Mexico, akarekodi huko. Alifariki tarehe 9 Februari 1981 huko Harlingen, Texas. Wakati huo wimbo ulikuwa umekwisha fufuliwa mara nyingine, kwanza katika filamu "American Graffiti" ya mwaka 1973, halafu katika mchezo wa televisheni "Happy Days" kuanzia 1974, ukiuzwa sasa kama kumbukumbu tamu ya miaka ya 1950. Wimbo uliouzwa mwanzo kama tishio uliuzwa tena kama faraja. Santuri ni ile ile. Mwenye haki ya kuuza anaweza kubadilisha lebo ya chupa kila anapotaka. Anayechuma zabibu hana sauti katika lebo.

IV. Saa

Tukiishia hapo tutakuwa tumeeleza biashara na tumeacha swali gumu kuliko yote. Kwa nini vijana waliupenda? Mhakiki asiyeweza kulijibu swali hili anaishia kuwadharau wapenzi wa wimbo, na anayewadharau hawezi kuwafundisha.

Jibu letu ni kwamba nguvu ya wimbo huu imo katika saa. Mfanyakazi wa mji wa viwanda huongozwa na saa. Kadi yake inapigwa mhuri wa saa ya kuingia na ya kutoka. Dakika alizochelewa zinakatwa. Mtoto wake anaamshwa na saa, anaingizwa darasani kwa kengele na kutolewa kwa kengele. Shule ya ufundi ya filamu ile ilikuwa ikiwaandaa wavulana wale kwa maisha hayo hayo. Katika hali hiyo saa si chombo cha kujua wakati tu. Ni msimamizi aliyetundikwa ukutani.

Wimbo unamchukua msimamizi huyo na kumtia kwenye dansi. Unataja saa moja baada ya nyingine, kama anavyozitaja yeye, lakini kila saa inayogonga ni saa ya kucheza. Na mzunguko ukiisha, unaanza upya. Hesabu ile ile ya kazi imegeuzwa kuwa hesabu ya furaha. Hilo ni wazo, tena ni wazo zuri, na limeelezwa kwa hesabu na pigo bila hotuba. Kijana hakulisoma popote. Alilihisi magotini.

Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kuliona jambo hili kwa wepesi zaidi. Katika hesabu ya Wamarekani namba kumi na mbili huangukia katikati ya usiku, hivyo mwimbaji anayehesabu kutoka moja hadi kumi na mbili anavuka mchana na usiku bila mpaka. Kwa saa zetu, usiku wenyewe huanza saa moja na kuisha saa kumi na mbili alfajiri. Kwetu hesabu ya wimbo huu ni kesha kamili, kama ngoma ya kukesha ijulikanayo kijijini. Mkulima akikesha ngomani baada ya mavuno hakuna anayemwita mvivu, maana anajulikana kazi aliyoifanya. Kijana wa New York alitamani kesha kama hilo, lakini mavuno hayakuwa yake.

Hapo ndipo mpaka wa wimbo unapoonekana. Usiku unageuzwa, mchana unabaki kama ulivyo. Msimamizi ametiwa kwenye dansi mpaka alfajiri, kisha anarudi ukutani, na mchezaji anarudi chini yake akiwa na usingizi. Wimbo unajua kwamba wakati wa mtu umechukuliwa. Haujui umechukuliwa na nani. Tusiudai zaidi ya uwezo wake, lakini pia tusiunyime sifa ya kuwa umegusa kidonda cha kweli.

V. Walioogopa

Wakubwa wa nchi nyingi waliusikia wimbo huu wakaogopa, na katika woga wao tunaweza kusoma mengi. Mwaka 1955 balozi wa Marekani nchini Italia, Clare Boothe Luce, alifanya filamu "Blackboard Jungle" iondolewe katika tamasha la filamu la Venice. Hakusema kwamba shule mbovu hazipo. Alichotaka ni zisionekane nje. Mwaka 1956 kampuni ya Columbia ilitoa filamu nyingine kwa jina la wimbo wenyewe. Ilipoonyeshwa Uingereza vijana walicheza katikati ya viti, fujo zikatokea katika baadhi ya kumbi, na miji kadhaa ikaipiga marufuku.

Katika jimbo la Alabama woga ulisema jina lake bila kuficha. Asa Carter, kiongozi wa kundi la wabaguzi, aliendesha kampeni dhidi ya muziki wa roki akidai kwamba unachanganya rangi. Tarehe 10 Aprili 1956 watu wa kundi lake walipanda jukwaani mjini Birmingham wakamshambulia Nat King Cole, mwimbaji mweusi aliyekuwa akiwatumbuiza wazungu. Cole hakuwa mwimbaji wa roki. Nyimbo zake zilikuwa laini, za mapenzi, za kuimbwa kwa suti. Kama tatizo lingekuwa kelele, yeye angekuwa salama kuliko wote. Alipigwa kwa sababu tatizo halikuwa kelele. Wabaguzi walielewa jambo ambalo wahakiki wengi hawakulielewa: vijana weupe walipoanza kucheza pigo la watu weusi, ukuta ulikuwa umepata ufa.

Upande wa pili wa Ulaya nako palikuwa na woga. Katika Ujerumani ya Mashariki amri ya mwaka 1958 ilitaka asilimia 60 ya muziki wa dansi utoke katika nchi hiyo na nchi nyingine za kijamaa. Oktoba mwaka huo Haley alipopiga muziki Berlin ya Magharibi na ukumbi ukavunjwa viti, tukio hilo lilitumika kama ushahidi wa uozo wa Magharibi. Mwaka 1959 wakubwa wa utamaduni wakaleta dansi iliyobuniwa maalumu iitwayo Lipsi, ili vijana waicheze badala ya roki. Ilikuwa na hatua nzuri, walimu wa dansi na msaada wa serikali. Vijana hawakuikubali. Kosa halikuwa katika kutaka muziki wa nyumbani, kwani kila taifa lina haki hiyo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba dansi hutengenezwa ofisini na kushushwa chini kama waraka, bila kuuliza ni kiu gani kijana alikuwa akiikata kwa dansi ile nyingine.

Sisi pia tuliupitia mjadala wa namna hii. Mwaka 1969 muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Swali la msingi lilikuwa halali: je, taifa changa liachie masikio ya vijana wake mikononi mwa kampuni za ng'ambo? Lakini swali halali linahitaji jibu lililochambuliwa. Muziki wa soul ulikuwa sauti ya watu weusi waliokuwa wakidai haki zao ndani ya Marekani, na ulikuwa pia bidhaa ya kampuni za Marekani. Marufuku haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Uchambuzi unaweza.

VI. Kazi ya kada mbele ya wimbo

Kutokana na mfano huu tunapendekeza maswali manne, ambayo mwanafunzi anaweza kuyatumia kwa wimbo wowote, uwe wa santuri ya zamani au wa simu ya mkononi leo.

Kwanza, wimbo umetokana na kazi ya nani? Tusitosheke na jina lililo juu ya jalada. Tumtafute mpigaji wa besi, mpigaji wa siku moja, na watu ambao muziki wao ulitangulia.

Pili, umewekwa wapi? Wimbo uliowekwa kwenye filamu, kwenye tangazo la sabuni au kwenye kampeni ya uchaguzi hausemi tena yale uliyosema peke yake. Aliyeuweka amekwisha utafsiri kwa niaba yetu, na tafsiri yake lazima ichunguzwe.

Tatu, unakata kiu gani ya kweli? Watu hawapendi jambo kwa mamilioni kwa sababu ya ujinga tu. Wimbo wa Haley uligusa njaa ya wakati, njaa ya mtu anayetaka saa chache ziwe zake. Njaa hiyo haikuletwa na kampuni. Kampuni iliikuta ikaiuzia chakula.

Nne, wimbo unamwacha wapi msikilizaji baada ya kumalizika? Huu unamwacha alfajiri, amechoka, amefurahi, na kadi ya saa ikimngoja mlangoni. Hapo wimbo umemaliza kazi yake, na hapo kazi ya mwalimu wa siasa inaanza. Kijana ambaye jana usiku aliihisi saa ikiwa yake ana swali tayari mwilini mwake. Tukimkaripia kwa kucheza, atalificha swali hilo. Tukimwambia ni burudani tu, atalisahau. Inafaa tumuulize kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua: usiku ulikuwa wako, je, mchana ni wa nani?

Na anapofikiri jibu tumpigie tena ile santuri, tumwambie asikilize gitaa linapoteremka. Ni sekunde chache tu. Zililipwa mara moja, na zinauzwa hadi leo.